Ndiyo ya Nne

Alhamisi ni siku ya wazee, nusu bei.
Bibi Gwatkin alikuwa na rola kumi na tisa kichwani,
dawa imeanza kazi, mimi nahesabu dakika,
simu ikalia.
Nikaibana kati ya bega na sikio, glavu zinachuruzika.

"Naongea na mwenye saluni?"
Ndiyo.
Hiyo haikuwa na kosa. Saluni ni yangu.
Jina langu, Eirlys, liko kwenye kioo cha mlango,
nililipaka mwenyewe mwaka kiwanda cha betri kilipofungwa
na kiinua mgongo kikatosha viti viwili.
Sinki la mkopo.

"Bado uko Tredegar, karibu na mnara wa saa?"
Ndiyo. Uhame na sinki uende wapi?

"Na bili ya umeme inakuumiza?"
Ndiyo, kijana wangu. Nani haimuumizi?

Alisema anaitwa Kieran, wa idara ya mita.
Sauti laini, ya mtoto asiyesahau
siku ya kuzaliwa ya mama yake.
Haniuzii kitu, alisema, ananikinga tu,
bei zinaruka saa sita usiku.
Nikamwambia nipigie kesho, nina kichwa cha mtu mikononi.
"Kesho, Eirlys, mlango utakuwa umefungwa,
na nitakayejilaumu ni mimi."
Yaani nimwonee huruma yeye.

Akaanza kusoma. Alisoma kama anayefukuzwa na mbwa,
vifungu, tarehe, peni kwa uniti,
maji yanamwagika, redio inabwabwaja,
na kitini Bibi Gwatkin akageuza shingo:
"Eirlys, mwanangu, muda wa kuosha umefika?"

Ndiyo, nikasema.

Nilimjibu yeye.

Barua ilikuja Machi. Miaka mitano,
kwa bei karibu mara mbili ya ile niliyoilalamikia.
Nikapiga simu: muziki. Nikapiga tena: muziki uleule.
Siku ya tatu binti mmoja akaniambia, kwa adabu,
kwamba siku za kubadili nia ni za watu wa majumbani.
"Wewe ni kampuni."
Kampuni! Mimi, mkasi, na birika la chai.
"Tena sauti yako tunayo," akasema,
akaifungulia.

Nikajisikia. Ndiyo, ndiyo, ndiyo,
kama kuku anayedonoa punje moja moja
mpaka ndani ya tenga.
Kisha mbio za Kieran, kisha bomba,
kisha kwa mbali, lakini safi, safi kabisa:
"Eirlys, mwanangu, muda wa kuosha umefika?"

Tulimzika Februari.
Nywele nilimtengeneza mimi, kwenye chumba cha baridi,
bila dawa, bila rola, kwa kitana tu,
na mara hii hakuuliza kitu.

"Umesikia, mama? Hapo ndipo ulipokubali."
Rudisha, nikasema.
Akarudisha.
Rudisha tena.
"Mama, hata nikirudisha mara mia, neno ni lilelile."
Najua. Rudisha.

Kuna wakili wa bure, Jumanne, ghorofa ya juu maktaba,
Bwana Probert, tai yake ina doa la yai.
Anasema njia ipo ila nyembamba:
niombe nakala ya rekodi,
tuonyeshe ile ya nne ilikuwa inamjibu nani.
Nimeomba. Nangoja.
Bili haingoji.

Simu ikilia siku hizi nasema, Nani mwenzangu?
Dada yangu Mefina ameudhika, anauliza kama hanijui,
kama ndugu sasa wanaombana vitambulisho.
Namwambia, niulize chochote
ila usiniulize kitu cha kujibiwa kwa neno moja.

Kiti cha dirishani, Alhamisi, sijampangia mtu.

Wala sijamwambia Bwana Probert
kwamba nakala niliomba mbili.